Kuzuia joto lisitoroke kwenye mfuniko wa jakuzi wakati wa baridi kali: mwongozo kamili

Asubuhi moja ya Januari, nje kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, mama mmoja wa kwetu anayeishi Brooklyn Park, hapa Minnesota, alinipigia simu. Nyumba aliyoinunua ilikuwa na jakuzi uani, lile beseni kubwa la maji ya moto la kukaa na kuoga. Wanawe wanalipenda, lakini bili ya umeme ya Desemba ilimkosesha usingizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, ninunue mfuniko mnene zaidi?"

"Kabla ya kununua chochote, mama, theluji ilianguka usiku?"

"Imeanguka, kidogo tu."

"Basi usiifagie. Sogea dirishani uniambie imeyeyuka wapi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Katikati kuna mstari mweusi, umetoka upande huu mpaka ule. Na kona ya karibu na ngazi ina vijiti vya barafu vinaning'inia."

Hapo nilijua tatizo lake bila kufika kwake. Mvuke ulikuwa ukitokea kwenye mkunjo wa katikati, pale mfuniko unapokunjwa nusu kwa nusu, na kwenye ile kona. Unene wa mfuniko ulikuwa hauhusiani. Nimetunza majakuzi katika jimbo hili kwa misimu tisa ya baridi, na kosa ninaloliona mara nyingi ndilo hilo: watu wananunua unene ilhali kinachowamaliza ni upenyo. Kwetu pwani, mpishi wa biriani akishaweka nyama na wali chunguni hatafuti mfuniko mzito. Anakanda unga, anauzungusha ukingoni, anaziba mvuke usipate pa kutokea. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa mpishi huyo. Ziba kwanza, unene utafuata.

Joto linapita wapi

Nitahesabu kwa uniti, kama tunavyohesabu Luku au tokeni nyumbani. Uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa nzima. Tuchukue jakuzi la kawaida la lita 1,500, lenye mfuniko wa mita 2 kwa mita 2, maji yakiwa nyuzi 39 na nje hasi 15.

Mfuniko wa kawaida una foamu nyeupe ndani, ile ile inayofungiwa televisheni mpya kwenye boksi, isipokuwa hii imeshindiliwa zaidi. Katikati ina unene wa sentimita 10 hivi na pembeni kama 6, ili maji ya mvua yateremke. Kila nusu imefungwa kwa karatasi ya nailoni, kisha juu yake imevishwa ngozi ya vinili inayofanana na reksini ya viti vya matatu. Foamu hiyo ikiwa kavu, joto linalopenya katika mfuniko mzima ni kama wati 100. Kwa siku ni uniti 2.4 hivi.

Sasa tazama mvuke. Lita moja ya maji ya nyuzi 39 ikigeuka mvuke na kutoka nje, inaondoka na joto la uniti 0.67 kwa mara moja. Joto hilo lingetosha kupandisha lita 575 za maji kwa nyuzi moja. Kwa hiyo jakuzi likipoteza lita 5 tu kwa siku kupitia nyufa za mfuniko, umeshapoteza uniti 3.3, zaidi ya zile zinazopenya kwenye foamu yote. Na upenyo wa kutoa lita 5 kwa siku si mkubwa. Nimewahi kuona upenyo wa upana wa kidole kwenye kona moja ukifanya kazi hiyo.

Mvuke huo una hasara ya pili. Usipotoka nje, unatafuta tundu kwenye nailoni inayofunga foamu, unaingia, unapoa na kugeuka maji humo ndani. Maji yanapitisha joto kama mara 16 zaidi ya foamu kavu. Ndiyo maana mfuniko ulioloa unaacha kuwa kinga hata kama kwa nje unang'aa.

Pima kwanza

Usiguse kitu kabla hujapima, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Vipimo vyenyewe havigharimu chochote.

Kipimo cha theluji nimeshakitaja. Subiri usiku wa theluji nyepesi, au asubuhi ya umande ulioganda, uangalie mapema kabla jua halijapiga. Mahali palipoyeyuka ndipo joto linapotoka. Mstari katikati maana yake mkunjo. Ukingo ulioyeyuka maana yake mfuniko haujakaa vizuri. Nusu nzima ikiyeyuka sawasawa huku nusu ya pili ikibaki nyeupe, foamu ya nusu hiyo imeloa. Ichore kwenye karatasi au uipige picha, utaihitaji baadaye.

Kisha karatasi. Kata vipande vya karatasi ya kawaida, uviweke ukingoni kila baada ya sentimita 30, nusu ndani nusu nje, ufunge mfuniko na mikanda yake. Vuta kimoja kimoja, kama unavyojaribu mpira wa mlango wa friji. Kinachogoma kidogo ni sawa. Kinachoteleza bila upinzani, weka alama hapo kwa tepu.

Kipimo cha tatu ni cha usiku. Weka ndani tochi isiyoingia maji, iliyowashwa na kulazwa juu ya kiti cha jakuzi, funga, zima taa za uani, kisha zunguka ukiinama mpaka macho yawe usawa wa ukingo. Mwanga ukipita, na mvuke unapita.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha usawa wa maji, kwa sababu kinakupa namba. Zima pampu, maji yatulie, ubandike tepu kwenye ganda la jakuzi pale maji yalipofikia. Wiki nzima asiingie mtu. Baada ya hapo tuliza tena maji kwa namna ile ile upime yameshuka kiasi gani. Jakuzi lenye uso wa maji wa mita 3 za mraba likishuka sentimita 1, zimeondoka lita 30, yaani uniti 20 za joto kwa wiki. Kabla ya kulaumu mfuniko, fungua kabati la pembeni uhakikishe hakuna bomba linalovuja.

Mwisho, uzito. Mfuniko mkavu wa ukubwa huu una kilo 20 hadi 25 hivi. Ukunje, mwenzako akusaidie kuuweka juu ya mizani ya kujipimia uzito. Ukikuta kilo 40 au 50, hizo zilizozidi ni maji. Fungua zipu ya upande wa chini uingize vidole: foamu nzuri ni kavu na nyepesi, iliyoharibika inachuruza maji na inanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndooni.

Ukingo

Anza na usafi. Futa ukingo wa ganda mzunguko mzima kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha ugeuze mfuniko ufute upande wa chini unaolalia ukingo huo. Mafuta ya miili ya watu, chumvi za maji na majani makavu vinajenga vinundu, na kinundu kimoja kinafanya mfuniko usiguse ukingo kwa umbali wa sentimita kadhaa kila upande wake. Angalia pia mito ya kuegemea kichwa. Kwenye majakuzi mengi inatokeza juu ya ukingo, na mfuniko ukiikalia unabaki umebenuka. Msimu wa baridi ing'oe mito hiyo, utairudisha siku ya kuoga.

Kama una mkono wa chuma wa kunyanyulia mfuniko, chunguza kama bomba lake linabana mkunjo na kuuinua kidogo. Nimeukuta mkono uliofungwa juu kuliko inavyotakiwa kwa sentimita 3, na kwa sababu hiyo nusu mbili za mfuniko zilikuwa hazigusani miaka miwili. Kulegeza skrubu na kuushusha kulichukua dakika ishirini.

Ukingo ukiwa safi na karatasi bado zinateleza, weka gasketi. Nunua mkanda wa foamu laini yenye vitundu vilivyofungwa, isiyonywa maji, wenye gundi upande mmoja, upana wa sentimita 2 na unene wa sentimita 1. Ile ya sponji iliyo wazi usiiguse, italoa na kuganda. Bandika kwenye upande wa chini wa mfuniko, pale tu ulipoweka alama. Kwenye ukingo wa ganda usibandike, miguu ya watu itaung'oa. Gundi haishiki kwenye baridi, kwa hiyo ingiza mfuniko ndani ya nyumba au gereji yenye joto, ufute kwa spiriti, ukauke, bandika, ukandamize, uuache usiku mzima.

Mikanda ndiyo inayomalizia kazi. Watu wengi wanaiacha ikining'inia kwa sababu hakuna watoto nyumbani, ilhali upepo wa uwandani unanyanyua mfuniko na kuvuta mvuke wote nje. Funga yote minne kila mara, ikaze mpaka pindo la ngozi linalala kwenye ganda bila mawimbi. Uwanja wako ukiwa na upepo mwingi, ongeza mikanda miwili mirefu inayopita juu kutoka upande mmoja hadi wa pili, sambamba na mkunjo, mmoja kila nusu. Usiifunge moja kwa moja juu ya mkunjo wenyewe.

Mkunjo wa katikati

Hapa ndipo mifuniko ya bei nafuu inapoumiza. Nusu mbili za foamu zimeungana kwa ngozi tu upande wa juu, na chini yake kuna mfereji wazi unaotoka upande hadi upande. Mvuke unakusanyika humo na kutokea kwenye ncha mbili. Baadhi ya watengenezaji wanaweka vizibo kwenye ncha, wazuri zaidi wanaweka mto wa foamu unaojaza mfereji wote. Ukiwa unanunua, uliza swali hilo kabla ya kuuliza unene.

Kama mfuniko wako hauna, tengeneza mwenyewe. Yule mama tulimfanyia hivi. Tulipima urefu wa mkunjo, tukanunua bomba la foamu nyeusi ile inayovishwa mabomba ya maji, lenye unene wa kujaza mfereji kwa kubanwa kidogo. Tukalivika mfuko mwembamba wa vinili ulioshonwa, ncha zote mbili zikazibwa, kwa kuwa foamu hiyo ikikaa uchi inaliwa na klorini na kuanza kudondosha chembe nyeusi majini. Kisha tukaufunga kwenye upande mmoja tu wa mkunjo kwa utepe wa kunata wenye kulabu na manyoya. Mfuniko ukikunjwa, mto unabaki na nusu yake. Ukifungwa, unabanwa katikati kama ulimi kati ya midomo.

Jambo la kuangalia ni kipimo. Mto mnene kupita kiasi unazuia nusu mbili kulala sawa, na unajikuta umeziba katikati ukafungua pembeni. Baada ya kuuweka rudia kipimo cha karatasi kwenye kona nne.

Blanketi la kuelea

Hili ndilo ningelinunua kwanza kama ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu. Ni shuka la foamu ya plastiki lenye unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja na zaidi kidogo, au la vipovu vya hewa kama lile la kufungia vyombo ila nene zaidi, linalolala juu ya maji yenyewe chini ya mfuniko. Halizuii joto jingi kwa unene wake. Faida yake ni kuzuia maji yasigeuke mvuke, na hapo linakulinda mara mbili, kwa sababu mfuniko wa juu nao unakaa mkavu na kudumu.

Kata kwa mkasi lifuate umbo la uso wa maji, likipungua kama sentimita moja kila upande. La vipovu linalazwa vipovu vikiangalia chini. Lisafishe kila unapobadilisha maji, na likianza kumeguka litupe, maana vipande vyake vinaziba kichujio. Lisiwekwe mara tu baada ya kutia dawa nyingi. Subiri klorini ishuke.

Onyo ambalo siliachi kamwe: blanketi linaondolewa lote kabla ya mtu yeyote kuingia majini. Mtoto akinaswa chini ya shuka linaloelea, hasikiki wala haonekani.

Foamu iliyoloa

Nitasema wazi hapa, kwa kuwa watu wanapoteza majira mazima wakijaribu. Foamu iliyolowa hadi ndani haikauki kwa kuanikwa siku mbili. Kutoboa matundu ili maji yatoke kunaongeza njia za mvuke kuingia, na kwa wiki chache inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Kama imeloa kidogo, na bado una miezi ya baridi ya kuvuka, fanya hivi: toa foamu kwenye ngozi, ondoa nailoni ya zamani, isimamishe ndani ya chumba cha joto chenye feni na mashine ya kuondoa unyevu kwa wiki mbili au tatu, ukipima uzito kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, ifunge upya kwa nailoni nene, maungio yote upande wa juu, yafungwe kwa tepu pana mara mbili. Itakufikisha masika. Kwa muda wote huo jakuzi lazima liwe na kifuniko kingine, vibao vya foamu na turubai vitafaa.

Kama imezidi hapo, badilisha. Ngozi ikiwa bado nzima unaweza kuagiza foamu peke yake. Zinapatikana za uzito wa kilo 16, 24 na 32 kwa mita ya ujazo. Kwa majimbo ya theluji nyingi chukua 24 au zaidi. Nzito haikuongezei kinga kubwa ya joto, inakuongezea nguvu ya kutopinda chini ya theluji. Mfuniko uliopinda katikati unakusanya maji juu na kufungua upenyo pembeni, ukarudi pale pale ulipoanzia.

Kipimo cha mfuniko mpya chukua kwenye ganda la jakuzi. Usipime mfuniko wa zamani, kwa sababu ngozi husinyaa na foamu hujikunja. Pima urefu na upana kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, mahali pasipo na kona. Kwa kona za mviringo, chukua skwea ya fundi seremala uiweke kwenye kona ili pande zake zigusane na pande mbili za jakuzi, kisha pima kutoka pembe ya skwea hadi pale ganda linapoanza kupinda. Fanya kwa kona zote nne, zisipolingana andika kila moja. Pima pia kimo cha pindo, na uandike mkunjo upite upande gani. Mfuniko wangu wa kwanza wa kuagiza uliletwa ukiwa mfupi kwa sentimita mbili, na muuzaji akakataa kuurudisha. Tangu hapo ninapiga picha futikamba ikiwa juu ya ganda, kila kipimo, kabla ya kutuma oda.

Mfuniko mpya uwe na lebo ya ASTM F1346, kiwango cha Marekani cha usalama wa mifuniko ya mabwawa na majakuzi, na mikanda yenye kufuli.

Tabaka la juu

Sasa ndiyo tufikie unene. Vibao vya foamu ngumu ya XPS, mara nyingi vya rangi ya pinki, vinauzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Ukilaza tabaka la sentimita 5 juu ya mfuniko mkavu, zile wati 100 zinashuka hadi 55 au 60. Umeokoa uniti moja kwa siku. Ni akiba ya kweli, lakini unaona kuwa ni ndogo kuliko ya kuziba mvuke, na ndiyo sababu nimeiweka nyuma. Inafaa zaidi kwa jakuzi lisilotumiwa kila siku, kwa kuwa kuondoa na kurudisha vibao kwenye giza la hasi 20 kunachosha, na mtu akichoka huacha.

Kata vibao vifunike mfuniko wote, maungio yasiangukie juu ya mkunjo. Funika kwa turubai, funga kwa mikanda. Mara moja kwa wiki inua uangalie kama unyevu umenaswa katikati, maana vinili iliyofunikwa mfululizo inaota ukungu. Karatasi ya vipovu yenye foili inayong'aa, inayosifiwa sana, haifanyi muujiza hapa. Foili inahitaji nafasi ya hewa mbele yake ili irudishe joto. Ikiwa imebanwa kati ya vitu viwili, inabaki plastiki nyembamba tu.

Theluji, barafu na ngozi

Theluji laini ya sentimita chache ina hewa nyingi ndani, na inasaidia kuhifadhi joto. Iache baada ya kuisoma. Shida ni uzito. Sentimita 10 za theluji kavu juu ya mita 4 za mraba ni kama kilo 40, na iliyolowa inaweza kufika kilo 120. Ikizidi sentimita 10 ifagie kwa ufagio laini, kutoka katikati kwenda nje. Koleo la chuma linachana ngozi, na kusimama juu ya mfuniko ni hatari hata kwa mtu mwepesi.

Pindo likigandamana na ganda usilivute, kwa kuwa vinili ya baridi inakatika kama karatasi. Mimina maji ya vuguvugu taratibu kwenye mstari ulioganda, subiri, inua, kisha ukaushe kwa taulo kabla ya kufunga, vinginevyo utakuwa umelitengenezea barafu nyingine. Ikifika hasi 25 na chini yake, kunja mfuniko polepole kwa mikono miwili. Januari 30, 2019, Minneapolis iliposhuka hadi hasi 33, niliwashauri wateja wangu wasifungue kabisa.

Dawa za maji nazo zinakula mfuniko kutoka chini. Baada ya kutia dozi kubwa ya klorini, acha mfuniko wazi dakika 15 hadi 20 gesi itoke. Joto utalipoteza, ndiyo, kwa hiyo fanya saa nane mchana siku isiyo na upepo.

Mazoea ya kila siku

Funga vidhibiti vya hewa, vile vinundu vya kuzungusha vilivyo ukingoni, ukimaliza kuoga. Vikibaki wazi, kila mara pampu inapochuja maji inavuta hewa ya nje yenye baridi na kuichanganya majini. Maji yanapoa, na hewa hiyo ikitoka inasukuma mvuke kwenye kila ufa uliobaki. Ni kosa dogo, na nimelikuta nyumba baada ya nyumba.

Unapotia dawa au kupima maji, kunja nusu moja tu. Jakuzi lililo wazi kwenye hasi 15 linapoteza uniti kadhaa kwa saa, kwa hiyo dakika tano za kutafuta taulo ndani ya nyumba zina gharama.

Kuhusu kushusha joto: wapo wanaodai kwamba kuyaacha maji moto wakati wote ni nafuu kuliko kuyapasha upya. Haiwezekani. Maji ya nyuzi 30 yanapoteza joto kidogo kuliko ya 39, saa zote. Kinachobadilika ni muda wa kuyarudisha. Lita 1,500 zinahitaji uniti 1.7 kupanda nyuzi moja. Hita ya kilowati 5.5 inazipandisha nyuzi 9 kwa saa tatu hivi. Hita ya kilowati 1, ile ya jakuzi linalochomekwa kwenye soketi ya kawaida, itahitaji saa 16 hata kama hakuna joto linalopotea, na kwenye baridi kali inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Mwenye hita kubwa anayeoga wikendi tu ashushe katikati ya wiki. Mwenye hita ndogo aache palipo. Upande wa juu, nyuzi 40 ndiyo mwisho kwa mtu mzima mwenye afya.

Umeme ukikatika, usifungue mfuniko kuchungulia. Maji mengi yaliyofunikwa vizuri yanashuka nyuzi chache tu kwa siku. Walio hatarini ni mabomba membamba ndani ya kabati, basi fukia miguu ya kabati kwa theluji upepo usipite, bila kuziba tundu la kutolea maji, na upige simu kwa fundi mapema.

Pima tena

Ukimaliza kila kazi, rudia karatasi na tochi siku hiyo hiyo, na usawa wa maji wiki inayofuata. Fanya moja baada ya nyingine, ukingo, mkunjo, blanketi, ili ujue kila moja imekupa nini.

Yule mama tulimwekea gasketi kwenye kona ya ngazi, mto wa mkunjo, na blanketi la kuelea. Kabla ya hapo maji yake yalikuwa yakishuka karibu sentimita mbili kwa wiki. Theluji ya Februari ilipoanguka alinitumia picha alfajiri, kabla sijamuuliza. Mfuniko wote ulikuwa mweupe, isipokuwa doa la ukubwa wa sahani kwenye kona ile ile ya ngazi. Nilimwambia aukaze mkanda wa upande ule kidogo zaidi.